Barabara ya Kobero: mangapi tunayalipa bila risiti?

KILA Alhamisi alfajiri, kabla kengele ya kanisa kuu la hapa kwetu Mushasha, mjini Gitega, haijalia, shemeji yangu huwa amekwisha kusimama kando ya barabara, magunia matupu kwapani na fedha zake zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Husubiri gari la Muyinga. Kutoka Muyinga hupanda jingine hadi Kobero, huvuka kwa miguu kuingia Kabanga upande wa Tanzania, hununua mchele, sabuni na ndala, kisha hurudi kwa njia ile ile. Ijumaa bidhaa ziko sokoni. Kwa safari hizo amewalea watoto watatu tangu kaka yangu alipofariki dunia.

Mwaka 2024, shule zilipofungwa mwezi Julai, alikuja nyumbani jioni moja akiwa na uso mzito. "Shemeji," aliniambia, "wewe ni mwalimu, hesabu unazijua. Mchele nauza kwa faida, wateja ninao, lakini kila nikirudi mtaji umepungua. Twende wote mara moja tu, uniangalizie tundu liko wapi."

Nilichukua daftari la shule, nikachora safu tatu: mahali, kiasi, risiti. Makala haya yametokana na daftari hilo, ingawa barabara yenyewe, kama msomaji atakavyoona, ilinirudisha nyuma kuliko nilivyokusudia.

Kwanza niieleze njia, maana wengi wetu tunaifahamu kwa vipande. Mama wa biashara anaijua hadi Kabanga. Aliyerudi kutoka kambini anaijua hadi Ngara. Anayeijua yote ni dereva wa lori peke yake. Kutoka Gitega tunashika barabara ya taifa namba 12, inayovuka Mto Ruvubu, kupita Karuzi na kufika Muyinga, mwendo wa kiasi cha kilomita 100. Muyinga, ambayo tangu ramani mpya ya mikoa ya mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, ndiko tunakokutana na barabara namba 6 itokayo Kayanza na Ngozi kwenda Kobero. Ukishavuka uko wilaya ya Ngara. Kiasi cha kilomita 60 kutoka mpakani, mahali paitwapo Nyakasanza, njia yetu inaungana na ile ya Rusumo, yaani ya Rwanda, na kuanzia hapo malori ya nchi zote mbili yanafuatana: Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze, hadi bandari ya Dar es Salaam. Kutoka Kabanga hadi baharini ni kiasi cha kilomita 1,300.

Wakubwa huiita njia hiyo Ukanda wa Kati. Mwaka 2006 nchi tano, yaani Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilitia saini mkataba wa kuanzisha wakala wa kuusimamia, makao yake yakiwa Dar es Salaam. Upo pia Ukanda wa Kaskazini, wenye mkataba wa tangu mwaka 1985, utokao Mombasa kupitia Nairobi, Kampala na Kigali. Kwa Bujumbura huo ni mrefu zaidi, karibu kilomita 2,000, na kila mlango wake una mwenyewe. Januari 2008, fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipoikata barabara ile, petroli iliadimika hadi huku kwetu. Januari 11, 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda, na mizigo iliyokuwa ikipitia Kanyaru ikabidi itafute mlango mwingine. Mlango huo, kwa sehemu kubwa, ni Kobero.

Na haukuwa hivyo tangu zamani. Reli ya Kati ya Tanganyika ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu wakati wa Wabelgiji bidhaa za Burundi zilishushwa Kigoma, zikapanda meli, zikafika Bujumbura kwa ziwa. Upande huu wa mashariki ulikuwa uani. Leo wageni na mizigo wanapita uani.

Hongo ya Ugogo

Nafundisha Kiswahili. Kila mwaka tunapofika kwenye msamiati wa rushwa, yupo mwanafunzi atakayeuliza tofauti ya rushwa na hongo, nami humweleza kwamba hongo ni neno la barabara, tena la barabara hii hii.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuwa na budi kupita Ugogo. Ni nchi kavu. Maji yalikuwa na wenyewe. Watemi wa Wagogo hawakumruhusu mtu kupita wala kuchota kisimani kabla hajatoa nguo, shanga na nyaya za shaba. Malipo hayo yaliitwa hongo. Kiongozi wa msafara alipiga kambi, akatuma wajumbe, wakajadiliana, wakakataliwa, wakaongeza doti, na siku zikapita. Wazungu walioipita njia hiyo walilalamika sana katika vitabu vyao. Mimi huwaambia wanafunzi wamsikilize na mtemi pia. Msafara wa wapagazi mamia kadhaa ukinywa visima vyako na kununua chakula chako mwaka wa ukame, wewe ungewaacha wapite bure?

Ilikuwa ada ya njia, basi, iliyodaiwa mchana na mwenye nchi, mbele ya watu. Leo Ugogo ni Dodoma na Manyoni, na malori yaletayo mbolea na saruji zetu yanapita palepale. Hapo Manyoni kipo kimoja kati ya vituo vitatu vya ukaguzi wa pamoja, vingine vikiwa Vigwaza na Nyakanazi, vilivyobuniwa ili lori la safari likaguliwe na wote mahali pamoja badala ya kusimamishwa kila penye mti wa kivuli. Mtemi hayupo, lakini pa kusimama pamebaki.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza ni lini neno hilo zuri liliharibika. Nilimjibu, nusu kwa utani, kwamba liliharibika siku mpokeaji alipoanza kuangalia kulia na kushoto kabla ya kupokea.

Baiskeli ya baba

Tuliondoka Mushasha saa kumi na moja alfajiri, watu saba ndani ya Probox, mimi nikiwa nimebanwa mlangoni na daftari langu. Nauli ilikuwa imepanda kwa sababu petroli ilikuwa haipatikani. Dereva alikuwa amenunua yake kwa kidumu, usiku, kwa bei ambayo hakutaka kuitaja mbele ya abiria.

Tulipovuka daraja la Ruvubu nikasahau kuandika.

Oktoba 21, 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, na ndani ya siku chache nchi ikawaka. Nilikuwa na miaka 12. Kilima chetu kiko Karuzi, si mbali na barabara hii, ambayo wakati huo ilikuwa ya udongo mwekundu na siku zile ilikuwa imelazwa mikaratusi kila baada ya mwendo kidogo. Penye mti mmoja walikuwapo vijana wenye mapanga na rungu. Sikujua walikuwa upande gani, na sidhani baba alijua. Hakuuliza. Baba alikuwa na baiskeli, mali kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, na juu yake amefunga mikeka, sufuria na mdogo wangu wa mwisho. Alimshusha mtoto, akashusha sufuria, akawapa baiskeli. Tukapita. Kutoka pale hadi Tanzania tulikwenda kwa miguu, mtoto mgongoni kwa baba, usiku kwa usiku.

Nilikulia Lukole, katika wilaya ya Ngara. Wenzangu waliopita huko hawahitaji kuelezwa zile hema za plastiki. Darasani tulisoma mtaala wa Burundi kwa Kifaransa na Kirundi, nchi tuliyoisomea tukiwa nje yake. Kiswahili tulikiokota sokoni, mpirani, na kwenye Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1995. (Niliporudi Gitega niligundua kwamba kumwita mtu Mswahili kulikuwa ni kumwita mjanja asiyeaminika. Siku hizi watoto wa watu hao hao naletewa niwafundishe, maana tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 1, 2007, Kiswahili kimekuwa somo.)

Huko Lukole ndiko nilikopata somo langu la kwanza la uchumi wa mipaka. Baada ya mapinduzi ya Julai 25, 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha Julai 31 na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Vilisimamishwa Januari 1999. Kwa maandishi, muda wote huo barabara ilikuwa imefungwa. Kwa miguu, sukari iliendelea kupita, na chumvi, na mafuta ya taa, usiku kupitia migombani, na kila aliyesimama kwenye uchochoro alidai chake. Watu wazima pale kambini walikuwa wakijua bei za uchochoro huu na ule kama vile leo tunavyojua nauli. Tangu wakati huo, nikisikia mpaka umefungwa, huwa najiuliza ada imehamia wapi.

Tulirudi mwaka 2004 kwa msafara wa malori. Urejeaji wa hiari kutoka Ngara kupitia Kobero ulikuwa umeanza mwaka 2002, na mwaka ule tuliorudi tulikuwa wengi. Pale Kobero tuliandikwa majina, tukahesabiwa, tukapita bila kutozwa hata faranga moja. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu. Lori lilipofika sehemu fulani kabla ya Karuzi, baba alisimama akashika bomba la turubai, akaonyesha kwa kidole: "Hapa ndipo ilipobaki baiskeli yangu." Watu wakacheka, naye akacheka. Mama hakucheka.

Safu ya tatu

Nirudi kwenye daftari. Vizuizi sitavitaja kwa majina wala waliokuwapo sitawaeleza. Wasafiri wa njia hii wanavijua, na wale wanaosimama hapo wanajijua.

Kizuizi cha kwanza dereva hakusimamisha hata injini. Mkono ulitoka dirishani ukarudi. Kisha akatugeukia: "Mia tano mia tano." Nikaandika. Safu ya tatu nikaweka mstari. Kizuizi cha pili vivyo hivyo. Nilipouliza kama tunaweza kupata karatasi yoyote, abiria walicheka gari zima, na mzee aliyekaa mbele akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, umekuja lini?" Nimerudi miaka 20, nikamwambia.

Kobero mambo yalibadilika, na hili lazima lisemwe. Upande wa Burundi na wa Tanzania umeunganishwa kwa utaratibu wa kituo cha pamoja, msafiri na mzigo wake wakihudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili bila kusimama mara mbili. Dirishani tulijibiwa kwa adabu, na kila tulicholipa pale kilikuwa na karatasi. Tundu alilokuwa akilitafuta shemeji lilikuwa nje ya dirisha, kiasi cha hatua 30, amevaa kofia.

Kwa miaka sita alikuwa akimpa kijana huyo fedha za "kumsaidia na forodha". Wafanyabiashara wa Tanzania wana neno zuri kwa watu wa namna hiyo: vishoka. Kishoka alikuwa akichukua fedha, anakwenda dirishani, anarudi na karatasi. Nikaiomba ile karatasi. Ilikuwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ambacho mfanyabiashara mdogo ana haki ya kujiombea mwenyewe.

Hapa naomba akina mama wa mpakani wasome mara mbili. Kwa utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizomo kwenye orodha inayokubalika, zilizozalishwa katika nchi mwanachama, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti hicho rahisi bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani ni jambo jingine, ziulizeni dirishani. Mchele wa Kahama umezalishwa Tanzania. Sabuni ya kiwanda cha Tanzania, hali kadhalika. Ndala zilizotoka China hazibadiliki kuwa za Tanzania kwa sababu zimenunuliwa Kabanga, na hapo ndipo kishoka huwachanganya watu: huweka vyote kwenye fungu moja, kisha huwauzia hofu.

Kurudi kulikuwa na vizuizi vile vile na viwili zaidi, kwa kuwa sasa tulikuwa na mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa magunia manne ya mchele ya kilo 25, katoni mbili za sabuni na mfuko wa ndala. Tulipofika Mushasha usiku nilijumlisha. Zilizolipwa bila risiti, ukiweka na za kishoka, zilifika faranga 14,000. Ukizigawa kwa magunia manne, maana sabuni na ndala hazikumshughulisha mtu, ni faranga 3,500 kwa kila gunia.

Sasa hesabu ya lori. Mwaka 2013 Tanzania na Rwanda ziligombana kuhusu ada ya barabara. Rwanda ilisema malori yake yanatozwa dola 500 Tanzania, nayo ikapandisha ada kwa malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi 500. Magazeti yalijaa, mawaziri wakasafiri, na mwishowe kiwango kikarudi 152. Tuchukue hicho. Lori la tani 28 hubeba magunia 1,120 ya kilo 25. Dola 152 ukizigawa kwa magunia hayo, kila gunia linabeba chini ya senti 14. Kwa bei ya benki ya mwezi ule niliosafiri ni faranga 400 hivi. Hata kwa bei ya dola ya mtaani haifiki 1,000. Na hata zile dola 500 zilizogombanisha serikali mbili zilikuwa chini ya senti 45 kwa gunia.

Mama mwenye magunia manne alilipa 3,500 kwa gunia, na hakuna waziri aliyesafiri.

Ingekuwa haki kama yeye ndiye anayeharibu barabara zaidi. Lakini barabara huharibiwa na uzito wa ekseli. Wahandisi wanatuambia kwamba ukiizidishia ekseli uzito mara mbili, uharibifu wa lami huongezeka karibu mara 16. Ndiyo sababu Jumuiya ikapitisha mwaka 2013 sheria ya kudhibiti uzito, yenye ukomo wa tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na ndiyo sababu ya ile mizani ambayo madereva huitaja kwa mfuatano kama rozari: Vigwaza, Mikese, Nala, Njuki, Mwendakulima, Nyakahura. Dereva mmoja tuliyekula naye ndizi na maharage pale Kobero aliniambia nisimwonee wivu. "Mwalimu, lori halilipi ada tu. Lori linalala. Likilala siku mbili, tajiri analipa na mimi nalipa." Ni kweli, na kulala huko nako huishia kwenye bei ya gunia. Ila kulala kwa lori kuna mtu anayekuandika. Ofisi za ukanda hupima siku za safari kutoka bandarini, na tangu mwaka 2014, ilipoanza Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Burundi unaweza kumaliza ushuru wake ukiwa bado Dar es Salaam. Siku za shemeji hakuna anayezipima.

Barabara za kulipia

Msomaji anaweza kusema: basi tungekuwa na barabara ya kulipia ya kweli, yenye lango, bei ubaoni na mashine ya risiti, mambo yangenyooka. Nilifikiri hivyo pia. Majirani wameanza. Dar es Salaam, Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016 na watu wakalipia kuvuka. Uganda ilianza kutoza barabara ya Kampala hadi Entebbe Januari 2022. Mwaka huo huo Nairobi ikafungua barabara yake ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Tanzania imekuwa ikiitayarisha barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na baadaye Morogoro, na hiyo ikikamilika itatugusa, maana makontena yetu yanapita hapo. Mama wa Mushasha hataiona kamwe, lakini kipande kidogo cha ada yake kitakuwa ndani ya ndoo ya plastiki anayoinunua.

Tofauti iko hapa. Nairobi, asiyetaka kulipa hubaki chini kwenye Barabara ya Mombasa ile ya zamani, akae na foleni yake. Entebbe vilevile, njia ya zamani ipo. Sisi kutoka Gitega kwenda Muyinga tuna lami moja. Ukiweka lango Karuzi, asiye na fedha atapita wapi? Na lango halitaondoa mikono ya dirishani. Nahofia litaongeza mkono mmoja.

Isitoshe, tunalipa tayari. Lita ya petroli iliyonunuliwa kituoni ina tozo ya barabara ndani yake, hapa kwetu na Tanzania, na ndiyo inayolisha mifuko ya matengenezo ya barabara. Ni ada nzuri kuliko nyingi: anayetembea zaidi analipa zaidi, na hakuna wa kumnyooshea mkono. Lakini mafuta yalipoadimika Burundi, kati ya 2022 na 2025, watu walitegemea vidumu vilivyovushwa. Petroli ya kidumu iliyotoka Ngara imekwisha kulipia barabara za Tanzania. Ya kwetu hailipii hata shimo moja. Nilimweleza hivyo dereva wa Probox, akasema yeye kwa siku ile alikuwa ameshalipia mashimo ya kutosha.

Wengine wananiambia nisijisumbue, Kobero yenyewe itapungukiwa na kazi. Kusini, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 fedha za kujenga kwa lami Kabingo hadi Kasulu na Manyovu, kilomita 260 upande wa Kigoma, pamoja na kukarabati kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza kando ya ziwa. Lori la Bujumbura lina sababu ya kuteremkia huko. Na Agosti 2025 ilizinduliwa kazi ya reli ya Uvinza hadi Musongati, ambayo ikifika itabeba madini na makontena. Sawa. Reli haitasimama Kobero kumchukua mtu mwenye magunia manne, na Kabanga haitahama. Soko la mama mdogo wa Gitega na Muyinga litabaki kwenye barabara hii, malori yawepo yasiwepo. Pengine malori yakipungua, mikono ya vizuizini itawageukia wao zaidi.

Alhamisi iliyofuata shemeji alikwenda peke yake. Nilikuwa nimemwandikia kwenye karatasi maneno ya kuuliza dirishani, kwa Kirundi na Kiswahili, naye akaomba cheti mwenyewe. Kishoka alimtukana mbele za watu, kisha akaenda kumtafuta mwingine. Njiani kurudi, kwenye kizuizi kimoja, alimwambia aliyenyoosha mkono kwamba fedha iko, anaomba risiti tu, ya kumwonyesha shemeji yake mwalimu. Mtu yule alimtazama, akatabasamu, akampungia mkono apite.

Kwenye kizuizi cha pili alisema maneno hayo hayo. Aliteremshwa yeye na magunia yake, gari likaondoka. Alikaa pale kwenye jua hadi saa kumi na moja jioni, alipopata lori la makaa lililokubali kumbeba. Alifika Mushasha saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala bila kula.

Asubuhi alikuja na daftari. Alikuwa amejaza mistari yote mwenyewe, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, na mara hii jumla ya bila risiti ilikuwa faranga 3,000. Aliniomba nimchoree kurasa nyingine, ila safu ziwe nne. Nikamwuliza ya nne ni ya nini.

"Ya saa," alisema. "Zile nilizokaa pale nazo niziandike wapi?"